Siku tano za Johnny Williams

Mgonjwa wangu wa kitanda cha dirishani hakuwa msemaji. Ilikuwa siku ya nne tangu akatwe mguu wa kulia, juu kidogo ya goti. Kisukari kiliziba mishipa, kidonda cha kidole gumba kikapanda na kupanda mpaka madaktari wakasema hakuna namna nyingine. Kila nilipofungua bendeji kusafisha kigutu, aligeuza uso akatazama nje, kwenye maegesho ya magari, mpaka nimalize. Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji hapa kusini mwa Wales, huu mwaka wa kumi na moja, na ukimya wa namna ile naujua. Huulazimishi. Unafanya kazi yako taratibu, unamwambia mtu unachotaka kugusa kabla hujakigusa, na unasubiri.

Siku hiyo akasema, bado anatazama nje: "Johnny Williams naye walimkata mguu, unajua?"

Nikadhani ni jirani yake, au mtu waliyelazwa pamoja wodi nyingine. Nikamuuliza anaendeleaje.

Hapo akageuka. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kunitazama usoni. "Bach," akasema, na hilo ni neno la Kiwelisi ambalo wazee wa huku humwitia mtu wanayemwonea upendo, "Johnny Williams alifariki mwaka 1916. Winga wa raga, wa klabu ya Cardiff. Mechi kumi na saba za taifa, trai kumi na saba. Umekaa hapa miaka yote hiyo na hakuna aliyekusimulia?"

Hakuna aliyenisimulia. Akanisimulia yeye, kwa zamu tatu mfululizo, mimi nikifungua na kufunga bendeji. Babu yake alikuwa mchimba makaa katika bonde la Rhondda na alimwona Johnny akicheza kwa macho yake. Yeye mwenyewe alicheza winga ya kushoto katika timu ya kijiji mpaka alipooa. Tangu siku ile hakutazama tena maegesho ya magari. Alitazama kigutu chake, akauliza kinaendeleaje, na akarudi kwenye hadithi pale alipoiachia.

Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, ameshakaa kwenye kiti cha magurudumu na mfuko wake mapajani, akanishika mkono. "Kama utakwenda kumtafuta Johnny," akasema, "mtafute na Dick Thomas. Kila mtu humwendea Johnny."

Nilikwenda, na nimewatafuta wote wawili. Imenichukua muda wa likizo mbili na jioni nyingi mno za kusoma.

John Lewis Williams alizaliwa tarehe 3 Januari 1882 huko Whitchurch. Leo Whitchurch imemezwa na jiji la Cardiff, lakini wakati ule kilikuwa kijiji cha kaskazini mwa mji. Mimi mahali hapo nilikuwa napajua kwa sababu nyingine kabisa. Kulikuwa na hospitali kubwa ya matofali mekundu, iliyofunguliwa mwaka 1908 kwa ajili ya wagonjwa wa akili, ambayo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia iligeuzwa kuwa hospitali ya majeruhi. Wauguzi wenzangu wa umri mkubwa bado wanaizungumzia. Basi askari waliovunjika mifupa Ufaransa waliletwa kutibiwa katika kijiji cha Johnny. Yeye hakuletwa.

Kwa msomaji asiyeifahamu raga: ni watu kumi na watano kila upande. Nane ni fowadi, wale wa miili mizito, wanaosukumana kwenye skramu na kupigania mpira chini. Saba wanabaki nyuma yao, na mwisho kabisa, kila pembeni, anakaa winga. Winga anaweza kusimama nusu saa kwenye baridi bila kuugusa mpira, kisha mpira unamfikia mara moja, na mara hiyo moja ndiyo anayohukumiwa nayo. Anatakiwa kukimbia mpaka auweke chini nyuma ya mstari wa wapinzani. Hiyo ndiyo trai. Siku hizi ina pointi tano, enzi za Johnny ilikuwa tatu.

Johnny alisifika kwa kitu ambacho mgonjwa wangu alijaribu kunionyesha kwa kiganja, akikipitisha juu ya shuka: anakuja kasi pembeni mwa uwanja, mlinzi anaamini atapitia nje, na ghafla hayuko huko, ameshakatia ndani. Mwenye kujua raga ataelewa ugumu wake. Kukata ndani bila kupunguza mwendo kunataka nyonga, goti na kifundo cha mguu vikubaliane kwa sekunde moja, mguu mmoja ukibeba uzito wote wa mwili. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Kwa klabu ya Cardiff alicheza karibu mechi 200 na kutia trai 150. Akawa nahodha wake msimu wa 1909-10. Mwaka 1908 alikwenda New Zealand na Australia na timu iliyochanganya wachezaji wa Uingereza na Wales, safari ya meli ya wiki nyingi. Na yote hayo yalifanywa bila malipo, kwa kuwa raga ya wakati ule ilipiga marufuku kumlipa mchezaji. Johnny alikula kwa kazi yake: alikuwa mfanyabiashara wa makaa ya mawe, akiyauza nje kupitia bandari ya Cardiff, mojawapo ya bandari kubwa za makaa duniani siku hizo. Babu wa mgonjwa wangu aliyachimba hayo makaa chini, Johnny aliyauza juu. Mzee alilisema hilo bila chuki yoyote, kama mtu anayekuonyesha jinsi watu wawili walivyo ndugu.

Jezi ya Wales ni nyekundu, na kifuani enzi hizo ilikuwa na manyoya matatu meupe ya mbuni. Yashike manyoya hayo, tutayarudia.

Johnny aliivaa jezi hiyo kwa mara ya kwanza Jumamosi ya tarehe 1 Desemba 1906, uwanja wa St Helen's mjini Swansea, dhidi ya Afrika Kusini. Mwaka mmoja kabla, Wales ilikuwa imeifunga New Zealand 3-0, ushindi ambao watu wa huku wanausimulia mpaka leo. Kwa hiyo wengi walikuja uwanjani siku hiyo wakiwa na hakika ya kushinda. Walifungwa 11-0. Mchezo wa kwanza wa taifa, nyumbani, na hukupata hata pointi moja.

Siku hiyo hiyo, katika fowadi za Wales, kulikuwa na kijana mwingine anayecheza mechi yake ya kwanza. Huyo ndiye Dick Thomas.

Dick alikuwa mtu wa Ferndale, Rhondda. Polisi wa Glamorgan, mchezaji wa Mountain Ash, na bondia wa uzito wa juu aliyekuwa bingwa miongoni mwa polisi wenzake. Kama Johnny alikuwa mtu wa kuonekana, Dick alikuwa mtu wa kazi isiyoonekana. Fowadi wa namna yake anamaliza mchezo ana tope masikioni na hakuna gazeti linalomtaja. Timu ya taifa ilimwita mara nne tu: Afrika Kusini 1906, Ufaransa na Ireland 1908, Uskoti 1909. Katika hizo nne, tatu alicheza pamoja na Johnny. Ile ya Ireland, mjini Belfast mwezi Machi 1908, Wales ilishinda 11-5 na Johnny akatia trai mbili. Napenda kuamini kwamba kila mpira uliomfikia pembeni ulianzia kwenye migongo ya watu kama Dick, maana ndivyo mchezo wenyewe ulivyo.

Baada ya ile siku mbaya ya Swansea, Johnny alishindwa mara moja tu tena akiwa na jezi ya Wales, kwa Uskoti mwaka 1907. Zilizobaki zote kumi na tano alishinda. Mwaka 1908 Wales iliwafunga wote: Uingereza, Uskoti, Ireland na Ufaransa. Ikarudia mwaka 1909. Ikarudia tena 1911. Kisha haikuweza kufanya hivyo tena mpaka mwaka 1950. Mechi ya Uingereza ya 1908 ilichezwa Bristol ndani ya ukungu mzito kiasi kwamba watazamaji hawakujua mpira uko wapi. Dublin mwaka 1910 Johnny peke yake alitia trai tatu.

Lakini jambo ninalolipenda zaidi katika maisha yake ya uwanjani ni dogo. Mwaka 1911 Wales ilikwenda Paris kucheza na Ufaransa. Nahodha alikuwa Billy Trew, mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa wa zama zile. Trew akampa Johnny unahodha wa siku hiyo, kwa sababu Johnny alijua Kifaransa. Wangekuwa wageni Paris, na Trew aliona ni adabu njema wageni waongozwe na mtu anayeweza kuwasalimu wenyeji kwa lugha yao. Mimi ninayefanya kazi kwa lugha ambayo si ya mama yangu, hilo liliniingia. Wales ilishinda 15-0. Siku chache baadaye akacheza na Ireland pale Cardiff, na hiyo ikawa mechi yake ya mwisho ya taifa.

Vita vilipoanza, jiji la Cardiff liliunda batalioni yake. Jina lake rasmi ni Batalioni ya 16 ya Kikosi cha Welsh, lakini watu waliiita tu Batalioni ya Jiji. Walijiunga makarani, watu wa bandarini, polisi, watu waliojuana mitaani na viwanjani. Johnny akawa kapteni. Dick akawa sajinimeja wa kombania. Ndani ya divisheni ya 38, divisheni ya Wales, walivuka kwenda Ufaransa mwezi Desemba 1915.

Kapteni na sajinimeja. Nimefanya kazi na madaktari na wauguzi wakuu wa kutosha kujua maana ya jozi hiyo. Kapteni ndiye anayesema twende. Sajinimeja ndiye anayejua nani hajalala, nani viatu vyake vimeoza, na nani anahitaji kusimama karibu na mtu fulani ili asiogope.

Nilifika Mametz, kijiji cha Ufaransa ambako batalioni hiyo ilipigana, mwezi Mei, ngano ikiwa bado kijani. Kutoka mji wa Albert ni mwendo mfupi kwa gari, halafu njia nyembamba ya shamba, halafu unaliona joka. Ni joka jekundu la chuma, alama ya Wales na ukumbusho wa divisheni ile ya 38, lililochongwa na David Petersen na kuzinduliwa mwaka 1987, limesimama juu ya jiwe, mdomo wazi, makucha yakirarua waya wa miba. Limeuelekeza uso wake ng'ambo ya bonde, kwenye msitu. Hapo ndipo nilipoelewa mambo ambayo kusoma hakukunielewesha.

Sehemu ya msitu inayochomoza kuelekea bondeni askari waliiita Kichwa cha Nyundo. Tarehe 7 Julai 1916, Ijumaa, Batalioni ya Jiji iliamriwa kuishambulia sehemu hiyo. Saa mbili na nusu asubuhi walitoka na kuanza kuvuka mteremko ulio wazi. Hakuna ukuta, hakuna mti, hakuna shimo. Mbele yao Wajerumani walikuwa kwenye ukingo wa msitu na bunduki za rashasha. Kulia kwao kulikuwa na vichaka viwili vidogo, navyo vimejaa rashasha. Ili kuushambulia msitu ilibidi uwape ubavu wale wa vichakani. Moshi uliotakiwa kutandazwa kuwaziba macho Wajerumani haukutandazwa. Nilisimama chini ya lile joka nikapima kwa macho. Mtu mwenye mbio za Johnny, mwenye mguu mwepesi na uwanja mkavu, angeuvuka mteremko ule kwa muda mfupi sana. Lakini walikuwa wamebeba mizigo mgongoni, walikwenda kwa mistari, na hakuna kukata ndani mbele ya risasi zinazotoka pande mbili.

Walisukumwa nyuma. Wakaamriwa tena. Mvua ikanyesha, udongo ukawa tope. Wakaamriwa tena. Kamanda wa brigedi yao, Horatio Evans, hakuukubali mpango huo na aliwaeleza wakubwa wake. Haukubadilishwa.

Dick Thomas aliuawa siku hiyo. Johnny Williams alijeruhiwa siku hiyo, akakatwa mguu.

Walianza pamoja siku moja Swansea, wakaanguka pamoja siku moja Mametz, na katikati ni miaka tisa na miezi saba. Sikuwahi kuliona jambo hili likisemwa kwa namna hiyo mahali popote, na ndilo lililonifanya nianze kuandika.

Sasa nije kwenye siku tano.

Habari za Johnny ukizisoma, nyingi zinakwenda hivi: alijeruhiwa Mametz tarehe 7, alifariki tarehe 12. Nukta. Kati ya tarehe hizo mbili kuna koma tu. Kazi yangu mimi iko ndani ya hiyo koma. Ijumaa mpaka Jumatano.

Alipelekwa Corbie, mji mdogo ulio kwenye mto Somme, yapata kilomita ishirini nyuma ya mapigano, uliokuwa umejaa mahospitali ya jeshi. Kwanza kuna kubebwa kwa machela kutoka kwenye mteremko, wabebaji wakiteleza kwenye tope. Kisha kituo cha kwanza, bendeji, sindano ya mofini. Kisha gari la majeruhi kwenye barabara iliyochimbwachimbwa na magurudumu ya mizinga. Mwenye mguu uliopondeka huhisi kila shimo la barabara. Nimewapokea watu wa ajali waliosafirishwa dakika arobaini kwenye lami laini, na bado walifika hawana rangi usoni.

Halafu kuna ule udongo. Mashamba ya Somme yalikuwa yametiwa samadi kwa karne nyingi, na katika samadi kuna vijidudu vinavyoishi bila hewa. Kipande cha bomu kinapoingia mguuni huingia na udongo, na kipande cha suruali, na vijidudu. Ndani ya nyama iliyokufa, mahali pasipo na hewa, vinaota na kutoa gesi. Ukibonyeza ngozi inaalika chini ya kidole kama theluji kavu. Waliiita gangrini ya gesi. Madaktari wa 1916 walijua dawa moja ya hakika: kata juu ya palipooza, haraka, na ukiache kigutu wazi ili kichuruzike. Antibayotiki hazikuwepo. Alexander Fleming, yule atakayekuja kugundua penisilini mwaka 1928, wakati ule alikuwa Boulogne, pwani ya nchi ile ile, akichunguza vidonda vya askari na kuona jinsi dawa kali za kuua vijidudu zilivyoshindwa kufika ndani kabisa ya jeraha. Damu ya kuongezewa nayo, tunayoitundika siku hizi bila kufikiri mara mbili, ilikuwa bado ni jambo la nadra.

Kwa hiyo siku tano zile zilikuwa mikononi mwa wauguzi na wahudumu. Siku ya kwanza aliyekatwa huomba maji. Siku ya pili huuliza, na unatakiwa kumjibu ukweli, maana wengi bado wanahisi vidole vya mguu uliokwisha kuondoka, na wengine vidole hivyo vinawauma. Siku ya tatu unaitazama homa. Unainusa bendeji kabla hujaifungua. Unampangusa uso, unamgeuza, unabadilisha shuka, unakaa kidogo kama una nafasi. Siku zile hapakuwa na nafasi, kwa kuwa divisheni ya 38 peke yake ilipoteza karibu watu 4,000 waliokufa, kujeruhiwa na kutoonekana katika juma lile moja, na walikuja kwa malori. Lakini nawajua watu wa kazi yangu. Naamini kuna aliyemshika mkono kapteni yule, akamwita jina lake, na kama alikuwa muuguzi Mfaransa, basi Johnny angeweza kumjibu.

Msitu wa Mametz ulichukuliwa wote tarehe 12 Julai. Ndiyo siku aliyofariki. Alikuwa na miaka 34.

Mwezi ule haukuishia hapo kwa raga ya Wales. Siku mbili baadaye, tarehe 14, akafa David Watts wa Maesteg, mchimba makaa, fowadi wa timu ya 1914. Mwezi uliofuata akafa Charlie Pritchard wa Newport, mmoja wa walioifunga New Zealand mwaka 1905. Kwa vita vyote, waliowahi kuichezea Wales waliouawa ni kumi na watatu. Wa kwanza alikuwa Charles Taylor, aliyefia kwenye meli ya kivita Tiger mwezi Januari 1915. Mkubwa wao kwa umri, Richard Garnons Williams, alicheza mechi ya kwanza kabisa ya Wales mwaka 1881 na akauawa Loos mwaka 1915 akiwa na miaka 59. Kila mmoja wao anastahili kurasa zake. Mimi niliombwa wawili.

Makaburi ya Corbie yako nje kidogo ya mji, na kanisa la zamani la abasia lenye minara miwili linaonekana kutoka barabarani. Niliwakuta watunza bustani wakikata nyasi. Jiwe la Johnny ni jeupe, sawa na mengine yote, kwa sababu tume ya makaburi ya vita iliamua kapteni na askari wa kawaida wapate jiwe la ukubwa mmoja. Juu ya jina kumechongwa nembo ya kikosi chake. Nilikuwa nimeshapiga magoti kabla sijaiona vizuri. Ni manyoya matatu ya mbuni. Nembo ya Kikosi cha Welsh ilikuwa manyoya yale yale yaliyokuwa kwenye jezi. Kwa hiyo amelala na alama ile ile aliyoivaa kifuani Swansea, Belfast, Dublin na Paris. Nilikaa pale muda mrefu. Niliondoa majani makavu yaliyoshikana chini ya jiwe, kwa mkono, jinsi ninavyoondoa uchafu kando ya kidonda, kutoka ndani kwenda nje.

Kesho yake nikaenda Thiepval kwa Dick.

Dick hana kaburi. Mwili wake haukutambuliwa. Jina lake liko kwenye mnara mkubwa wa matofali na mawe wa Thiepval, pamoja na zaidi ya majina 72,000 ya watu ambao nao hawana kaburi linalojulikana. Ukifika chini yake unakosa pumzi. Kuta zimejaa majina kutoka kimo cha kiuno mpaka juu kabisa usikofika. Watu wa Kikosi cha Welsh wako kwenye nguzo za 7 na 10. Na huku Wales akina Thomas ni wengi kama majani. Nilianza chini, nikasoma Thomas baada ya Thomas, nikahofia kwamba sitamjua wa kwangu.

Mtunza mahali pale, mama mmoja wa makamo, akaniuliza namtafuta wa cheo gani. Nikamwambia sajinimeja. Akanielekeza kwa kidole juu: majina hupangwa kwa kikosi, kisha kwa cheo, ndipo kwa alfabeti. Masajinimeja wanakaa juu ya askari wao. Nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikainua kichwa, na hapo juu nikamwona, na chini yake safu ndefu ya vijana wa batalioni yake. Nikapiga picha kwa mikono miwili ili isitikisike.

Mgonjwa wangu nilimkuta tena mwezi Julai, kwenye kliniki ya viungo bandia, siku yangu ya mapumziko. Nilikuwa nimempigia simu binti yake kwanza kuomba ruhusa. Alikuwa kati ya fito mbili za kujifunzia kutembea, amekaa, mguu mpya umeshafungwa kwa mikanda na kiatu chake mwenyewe kimevishwa chini. Mtaalamu alisimama nyuma yake.

"Umekwenda?" akauliza.

"Nimekwenda, mzee wangu."

"Kwa wote wawili?"

"Kwa wote wawili." Nikatoa picha kwenye bahasha. Nilikuwa nimeisafisha kubwa, jina la Dick lisomeke.

Akainua kiganja kunizuia. "Bado, bach. Ngoja nisimame kwanza."

Akashika fito, akaegemea mbele, akavuta pumzi mara mbili. Mtaalamu akaweka mkono kwenye mkanda wa kiunoni bila kumvuta. Uzito ukaenda kwanza kwenye mguu wa kushoto, kisha polepole, akiuma mdomo, akaugawa. Magoti yakatetemeka na kutulia. Alipokuwa wima kabisa, mabega yamenyooka, akaachia fito ya kulia na kunyoosha mkono.

"Haya," akasema. "Nipe nimwone."